Mstari wa Amesema

Usiku ule nilikaa kwenye benchi la korido ya upasuaji kuanzia saa tatu. Korido ile nimeipiga deki kwa miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuikalia. Ukiwa na ndoo na tambara ni fupi, unaimaliza kabla maji hayajachafuka. Ukiikalia haina mwisho. Mlango wake una kioo kidogo kilichopakwa rangi nyeupe ili watu wasichungulie, na pembeni rangi imebanduka mahali padogo kama ukucha. Nilikuwa nimeshachungulia hapo mara nne. Nilichoona ni mwanga mkali na mgongo wa mtu.

"Kaa chini, Mama Chai," Daktari aliniambia. "Ukisimama hawatashona haraka zaidi."

Huyo ndiye Daktari ninayetaka kumweleza. Hakuwa na kazi usiku ule. Yeye si daktari wa kisu, ni daktari wa familia, na zamu yake iliisha saa kumi jioni. Lakini alikuwa kando yangu, viatu amevivua na kuvisukuma chini ya benchi kama anavyofanya chini ya meza yake, soksi moja imetoboka kidoleni. Nyuma ya ule mlango alikuwa binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, miaka ishirini na minne. Walituambia bandama lake limepasuka na damu imejaa tumboni. Walituambia pia kwamba mumewe anasema alianguka kwenye ngazi.

Nyumba yao haina ngazi. Ina vidato vitatu vya mlangoni ambavyo hata mtoto anayetambaa anavishuka.

Sikulisema hilo. Daktari naye hakuuliza. Tulikaa tukisikiliza jokofu la dawa likinguruma na kunyamaza, likinguruma na kunyamaza.

Niliajiriwa hospitalini kufanya usafi na kupika chai ya idara yake. Shule nilifika darasa la sita, nikaishia hapo, lakini macho yangu hayakuishia popote. Najua nani amelala vibaya kwa namna anavyoshika kikombe. Wanafunzi wa udaktari ndio walionibandika jina la Mama Chai, na Daktari akalichukua, likawa jina langu hata kwenye orodha ya zamu. Yeye nilimkuta ameshazeeka kidogo, nywele zimeanza mvi juu ya masikio, hana mume na hataki kuulizwa. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, akiokota pini kwa sumaku, na nadhani ndiyo sababu alifundisha udaktari kama mtu anayefundisha kushona.

Idara ina vyumba vitatu vya kawaida, vya homa na vikohozi na watoto wa kupimwa uzito. Chumba cha mwisho, namba tisa, ni cha watu walioumizwa na watu. Ndivyo alivyokiita. Mlangoni hakuandika chochote. Alisema ukiandika, mtu atapita mbele ya mlango mara tatu, kisha atarudi nyumbani kwa yule yule aliyempiga.

Kwenye kadi ya mgonjwa wa chumba namba tisa alichora mistari miwili kwa rula. Juu ya mmoja aliandika Amesema. Juu ya mwingine aliandika Nimeona. Kila mwaka walipokuja wanafunzi wapya nilikuwa nikiingiza sinia la chai wakati wa somo hilo, nalijua kama jina langu.

"Amesema ni maneno ya mgonjwa mwenyewe," aliwaambia. "Yaandike kama yalivyotoka, hata kama ni ya ovyo, hata kama unajua ni uongo. Nimeona ni macho yako na mikono yako. Hivi ni vitambaa viwili. Visipolingana, usivishone pamoja ili vazi lipendeze. Viache wazi. Siku moja mtu mwingine atasoma, na ule wazi ndio utakaomwambia."

Kabla hata ya kadi, kulikuwa na sheria ya mlango. Kila mtu anatoka, anabaki mgonjwa. Nimeona akimtoa mume aliyekuwa na mabega kama kabati.

"Mimi ni mume wake!" yule bwana alifoka.

"Hongera," Daktari akamwambia. "Benchi liko pale."

Nimeona akimtoa askari na daftari lake, akimtoa mama mkwe, akimtoa mchungaji. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza kama na mama mzazi naye hutoka.

"Mama mzazi hasa," alijibu. "Mume anamtisha. Mama anamtia huruma. Mtu huweza kumshinda anayemtisha, lakini hawezi kumwumiza mama yake mbele ya wageni."

Nikamwaga chai kwenye sahani siku hiyo. Nikafuta, nikatoka.

Asili ya sheria hizo alinieleza mwenyewe, mchana mmoja wa mvua wagonjwa walipokuwa wachache. Alipokuwa kijana, kwenye kituo kidogo cha afya, alikuja mwanamke amejifunga kitambaa cha manjano kichwani, na mumewe amesimama nyuma ya kiti. Mume ndiye aliyeeleza: amegongwa na mlango wa kabati. Mwanamke alitikisa kichwa kukubali. Daktari aliona jicho, akaona na shingo. Aliandika mlango wa kabati, akampa vidonge vya maumivu, akamwita anayefuata. Baada ya siku tisa maiti yake ikaletwa, Daktari akasaini karatasi ya kifo.

"Niliandika alichosema mume," aliniambia, "kwa mwandiko mzuri kabisa."

Tangu hapo kuna jambo ambalo wanafunzi hawakuligundua na mimi niliona. Kila asubuhi Daktari alisimama mlangoni akahesabu watu waliokaa kwenye benchi la nje. Kisha aliingia akatazama daftari. Kisha alitoka akahesabu tena. Mara nyingi alipata mmoja zaidi ya daftari. Alikuwa anasimama pale, kidole hewani, macho yakiwa mwisho wa benchi, upande wa ukutani ambako hakuna aliyekaa. Nesi wa mapokezi alikuwa akisema, "Daktari, ni kumi na tatu," na yeye anajibu, "Naam, kumi na tatu," kama mtu aliyekatazwa kubisha. Siku hizo nilimwekea sukari zaidi. Sikuwa na dawa nyingine.

Mwaka huu alikuwa na wanafunzi sita. Mmoja tulimwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo. Msichana mwembamba, koti jeupe limemzidi mikono, anauliza maswali hata kwa birika. "Mama Chai, kwa nini unaanza na maziwa? Mama Chai, huyu nesi na yule mlinzi kuna kitu?" Nilimwambia ulimi wake utamfanya afeli. Daktari alisema utamfanya afaulu, ila atachelewa.

Sasa nifike kwa binti yangu, ingawa mkono unasita.

Aliolewa miaka miwili iliyopita, na aliyefurahi kuliko wote ni mimi. Baba yao alituacha wakiwa wadogo, nikawalea kwa ndoo na ufagio. Alipokuja yule kijana, mpole, ananyoosha shati, anauza vigae kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ananiita "mama" kwa sauti ya chini, nilijiona nimefika. Alirekebisha bafu lao mwenyewe. Siku ya kwanza kunitembeza nyumbani kwao alinionyesha sakafu kwa fahari. "Vigae hivi ni vya kukwaruza, mama. Hata umwage sabuni ndoo nzima, huanguki." Akasugua kiatu chake pale, kweli hakikuteleza.

Niliona mengine. Niliona binti yangu akivaa mikono mirefu wakati wa joto. Niliona kwamba tukiongea kwa simu sauti yake inatoka mbali, kama mtu aliyeweka simu mezani ili mwingine asikie. Niliona alivyoacha kazi kwenye duka la fotokopi, na sababu aliyotoa ilikuwa na maneno mengi mno. Kila kitu nilikiona, nikakipanga kichwani kama vikombe kabatini, nikafunga kabati. Nilijiambia ndoa changa ina kelele zake.

Jumatatu ya wiki ile akaja hospitalini. Mumewe alimleta kwa pikipiki, akamwacha getini, akasema atasubiri hapo hapo. Kifundo cha mkono kimevimba na upande wa kushoto wa mbavu hawezi kupumulia. Nilimkamata mkono mzima nikampeleka mwenyewe kwa Daktari. Ilikuwa zamu ya somo, Chiriku ndiye aliyeshika kalamu. Daktari alimtazama binti yangu mara moja, akasema, "Namba tisa."

Nikaingia naye.

Chiriku alibaki ameshika mlango. "Daktari, mama atoke?"

Daktari alinitazama. Miaka kumi na mmoja nimemfutia meza. Nimemletea supu alipougua kifua. Nimemshonea kifungo cha koti, yeye binti wa fundi, kwa sababu macho yake yamepungua. Akasema, "Huyu ni mtu wetu. Mwache abaki."

Chiriku akafunga mlango. Sisi wanne ndani.

"Pole, mwanangu," Daktari alimwambia binti yangu. "Nini kimekupata?"

Binti yangu aliinua uso. Najua uso ule. Ndivyo alivyokuwa akiinua uso akiwa mdogo, anapotaka kuungama kitu. Midomo ilifunguka. Halafu akanitazama mimi. Nami, bila kufikiri, kama mtu anayedaka kikombe kinachoanguka mezani, nikasema:

"Ameanguka bafuni. Sakafu yao inateleza sana."

Midomo ya mwanangu ikafunga.

Kuna nyakati ambazo mtu akipewa nafasi ya kuzirudia angetoa jicho. Ile ilikuwa na urefu wa pumzi moja. Nilikuwa naona aibu. Si mbele ya watu wote, bali mbele ya Daktari, kwamba nyumba yangu nayo imefika chumba namba tisa, chumba ninachokifuta mimi.

Chiriku hakuandika. "Daktari," alisema, "mgonjwa hajasema. Amesema Mama Chai."

"Andika," Daktari akasema.

"Kwenye mstari upi?"

Daktari alikuwa ameshainama, anamgusa binti yangu mbavu kwa vidole viwili. "Chiriku, andika."

Akaandika. Kwenye mstari wa Nimeona Daktari alitaja mwenyewe, polepole, uvimbe wa kifundo, alama mbavuni, na ndani ya mkono wa juu madoa manne ya mviringo yaliyopangana kama vidole. Mimi nilikuwa natazama dirisha. Kisha akamwambia binti yangu, "Alhamisi utarudi, saa nane. Uje peke yako. Tutaongea mimi na wewe tu." Alisema neno "tu" akinitazama, na nikajua amejua.

Mpaka hapo, bado kulikuwa na njia. Daktari alikuwa ameteleza lakini amejishika. Ni mimi niliyemsukuma.

Nilimsindikiza binti yangu getini. Mumewe akashuka kwenye pikipiki, akampokea mkewe mkoba wa begani kwa upole, akaniuliza, "Wamesemaje, mama?"

Watu wa kwetu tumefundishwa mkwe haachwi hivi hivi. Mkwe anaagwa kwa heshima, na akiuliza anajibiwa. Nami nilitaka ajue kwamba sisi hatuna la kuficha, kwamba namwamini. Nikamwambia, "Si kitu kikubwa. Ila Daktari anataka kumwona tena Alhamisi saa nane, peke yake. Umsaidie asichelewe, baba."

"Peke yake," alirudia.

"Peke yake."

"Sawa, mama. Hatachelewa."

Binti yangu alinitazama juu ya bega la mumewe. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyeko kwenye gari linaloondoka.

Jumatano usiku jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, alimleta nyuma ya gari lake la kubebea mageti, amemlaza juu ya turubai. Mume alifuata nyuma, shati limenyooshwa, akimweleza kila aliyevaa koti jeupe habari za ngazi.

Basi ndivyo nilivyokaa kwenye benchi lile kando ya Daktari. Saa sita ilipita, saa saba ikapita. Mlinzi wa usiku alituletea maji. Nilijua nikingoja kukuche sitasema, maana mchana nina akili za kujitetea.

"Daktari," nilisema, "mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulimwambia nani nini?"

"Mkwe. Kwamba unataka kumwona peke yake. Jumatatu ile ile. Getini."

Hakugeuka. Vidole vyake vya miguu vilijikunja ndani ya soksi iliyotoboka. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Ningeinama chini ya matusi yale kama mtu anayeoga.

"Nilipaswa kukuambia usimwambie," alisema mwishowe.

"Mimi ni mtu mzima. Nilipaswa kujua."

"Watu wazima hawajui. Ndiyo maana kuna sheria." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilikuona mnyonge, nikakuonea huruma, nikavunja sheria yangu mbele ya mwanafunzi. Na mwanafunzi aliniambia. Mara mbili aliniambia. Mimi nikamwambia andika."

"Uliandika aliyosema mama."

"Kwa mwandiko mzuri kabisa wa Chiriku," alisema.

Alitazama mwisho wa benchi letu, upande wa ukutani. Nilitazama na mimi. Hakukuwa na mtu. Lakini nilisogea kidogo, nikaacha nafasi, sijui kwa nini.

"Akitoka humo," nilimwuliza, "itakuwaje?"

"Akitoka, mumewe ataomba kumpeleka nyumbani kumwuguza. Askari atakuja na swali moja: ulianguka au ulipigwa? Akisema alianguka, hakuna atakayemzuia mumewe. Kadi ya Jumatatu inasema alianguka. Nitaandika Nimeona mpaka wino uishe, lakini Amesema ni yake. Hakuna awezaye kumsemea." Akautazama mlango. "Tumeshajaribu."

Mlango ulifunguka saa kumi na nusu. Mpasuaji alikuwa ameshusha kitambaa cha mdomo, uso una alama za mikanda. Nilimtazama midomo sikusikia kitu, Daktari akanishika kiwiko akanirudia: bandama wamelitoa, damu imesimama, anaishi. Nililia kwa sauti hadi mlinzi akaja mbio akidhani ni msiba.

"Huyu analia kwa furaha," Daktari akamwambia.

"Basi alie polepole," mlinzi akasema, "nimeacha uji jikoni."

Walimweka kwenye chumba cha peke yake, ghorofa ya pili, karibu na meza ya manesi. Ilipofika saa saba mchana wakasema ameamka na anaelewa. Ilikuwa ile Alhamisi. Daktari alikuwa amelala saa mbili tu kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, lakini alikuwa amenawa na kuvaa viatu. Wanafunzi wake walikuwa wamekuja. Aliwarudisha wote darasani isipokuwa Chiriku, aliyekuwa ameshika kadi mpya na hasemi neno. Sijawahi kumwona hivyo. 

Daktari aligonga. Hakuingia. Alifungua mlango upana wa uso wake.

"Mwanangu," alisema, "kuna mtu anataka kukusikiliza. Uchague. Mimi nipo. Mama yako yupo. Na yule mwanafunzi wa Jumatatu yupo. Unaweza pia kutaka asiingie yeyote."

Nilisimama nyuma yake na mkoba wenye kanga safi na kitana. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyoingia, nitakavyomchana nywele, nitakavyomwomba radhi wakati nikimchana, maana mtu akiwa anachanwa hakutazami usoni. Nilisikia sauti ya binti yangu, nyembamba kama karatasi. Sikupata maneno.

Daktari akafunga mlango, akageuka.

"Amemtaka Chiriku."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Nimwone tu, Daktari. Dakika moja. Sitasema kitu."

"Mama Chai." Alinishika bega. "Hata mimi amenikataa."

Chiriku alimtazama Daktari. "Nikikosea?"

"Ukikosea nini? Huna cha kusema. Keti chini kuliko yeye. Ngoja. Ukiona anatafuta neno, usimpe la kwako."

Akaingia. Mlango ukafunga kwa ule mlio mdogo wa kitasa. Mimi na Daktari tukaketi kwenye viti vya plastiki ukutani, kama watoto wawili waliotolewa darasani. Ndani kulikuwa kimya muda mrefu. Nilianza kufikiri kwamba Chiriku amezimia.

Kisha sauti ikaanza. Ya binti yangu, si ya Chiriku. Chini, bila kupanda, inakwenda tu kama maji ya mfereji. Maneno hayakutoka nje, na mimi niliyezoea kusikiliza kwenye kila mlango wa jengo lile, niliinuka nikahamia kiti cha mbali.

Ndipo lifti ikafunguka, na mkwe wangu akatoka.

Amenyoa ndevu. Shati la bluu. Mkononi ana mfuko wa machungwa, na juu ya vifundo vya mkono wa kulia plasta mbili zilizobandikwa vizuri, zimenyooka kama vigae. Alitusalimia wote wawili kwa adabu.

"Anaendeleaje, mama? Wameniambia chini ameamka. Nimwone kidogo."

Daktari alianza kusimama. Nikamwashiria kwa mkono, akakaa.

Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango. Nataka niseme nilikuwa jasiri, lakini mkoba wenye kanga nilikuwa nimeukumbatia kifuani kama mtoto. Sijawahi kumjibu mkwe wangu neno lililonyooka. Hata chai nilimpa kwa mikono miwili.

"Huingii," nilimwambia.

Alitabasamu. "Mama, hujalala. Pole. Nipishe tu nimwachie machungwa."

"Machungwa hali. Amepasuliwa tumbo."

"Mama, mimi ni mwanao."

"Nilikuita hivyo," nilisema. "Nilikosea."

Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yaliondoka. Nikayaona kwa mara ya kwanza macho ambayo mwanangu amekuwa akiyaona kwa miaka miwili. Alisogea hatua moja. Niliweza kunusa sabuni yake. Nyuma yangu mbao za mlango zilikuwa baridi mgongoni. Nesi wa mezani aliinua simu.

"Ana nini huko ndani?" aliuliza, polepole sana. "Anaongea na nani?"

Akainua mkono wenye plasta juu ya bega langu, na kwa kifundo cha kidole akagonga mlango. Mara tatu. Akaita jina la mke wake, kwa ile sauti ya chini niliyokuwa nikiisifia kwa majirani.

Ndani sauti ikakatika.

Daktari alikuwa amesimama. Nesi alikuwa anaongea kwenye simu na walinzi. Mimi nilifumba macho nikashika kitasa kwa nyuma kwa mikono yote miwili, mkoba umeanguka, na sikuomba chochote ila kusikia. Hakuna aliyekuja mlangoni. Hakuna aliyeitika. Nilihesabu pumzi zangu, zikapita saba, zikapita kumi.

Kisha, nyuma ya ubao wa mlango, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali alipokuwa amefika, binti yangu akaendelea kusema.